Neno "Mteremko" na Michoro ya Kompyuta katika Somo la Hisabati

Mtoto wa Maisaka, mjini Babati, huenda nyumbani akasema Kigorowa au Kiiraqw, lugha za jamii ya Kikushi, au Kirangi, ambacho ni cha Kibantu. Katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa hesabu kwa Kiswahili, na aingiapo sekondari somo lile lile humjia kwa Kiingereza, utaratibu ambao sera ya elimu, toleo la 2023, haikuuondoa. Walakini mwalimu atakapo kueleweka barabara hurejea Kiswahili. Kwa hiyo neno alichagualo lina uzito kuliko idhaniwavyo.

Programu za kuchora grafu zimeudhihirisha uzito huo. GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwaka 2001, na Desmos, iliyotokea Marekani mwaka 2011, huchora mstari mara tu mlinganyo uandikwapo. GeoGebra yaweza kutumika hata katika simu isiyo na intaneti, ikiisha kupakuliwa. Mwanafunzi huandika y = mx + 1, kisha husogeza kwa kidole kitone kinachobadili thamani ya m. Ikiwa 2, mstari wapanda. Ikiwa -2, washuka. Nao katika hali zote hupita penye 1 katika mhimili wa wima. Kwa chaki na rula, michoro kumi ya namna hiyo ingekimaliza kipindi.

Hiyo m, kamusi zetu mara nyingi huiita "mteremko". Hapo ndipo penye taabu. Katika Kiswahili cha kila siku kuteremka ni kwenda chini. Barabara iendayo juu ni mpando au mwinuko, na barabara ile ile hupewa jina kwa kadiri ya aendako msafiri. Ashukaye kutoka Mlima Kwaraa kuja mjini Babati yumo katika mteremko. Ampishaye njiani yumo katika mpando. Msafiri wa grafu hana hiari hiyo: daima hutoka kushoto kwenda kulia, na kwa sharti hilo tu alama ya kutoa hupata maana. Basi mstari upandao huambiwa una mteremko chanya! Tena, mwanafunzi aulizwapo mteremko upi ni mkubwa, wa -3 au wa 1, macho yake yatachagua -3, kwa kuwa ndio mkali zaidi, hali namba yenyewe ni ndogo.

"Mwinuko" haliponyi, hugeuza kosa upande wa pili, na wanajiografia wamekwisha kulitwaa kwa kimo cha mahali juu ya usawa wa bahari. "Mshazari", neno la fundi akatapo kitambaa kiupande, halielemei juu wala chini, na lastahili kujaribiwa darasani kabla ya kuingizwa kamusini.

Jaribio gumu zaidi li katika sifuri. Kitone kikifika 0 mstari hulala sawasawa, na mwanafunzi husema, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba hauna mteremko. Mwanahisabati hasemi hivyo: huo una mteremko, nao ni sifuri. Usio nao kabisa ni mstari wa wima, kama x = 2, ambao kidole kisogeze kitone kitakavyo hakiwezi kuufikia.