KIFAA CHA MTANDAO KIKINYAMAZA BAADA YA KUBADILISHWA KIINI

Tangu nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009 na kuunganishwa hadi Kampala, intaneti imekuwa chombo cha kazi cha kila siku katika mji wetu. Wengi hawana waya ukutani. Hutegemea kifaa kidogo cha USB kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Kifaa hicho kikinyamaza, taarifa haziendi na kazi husimama.

Leo twapenda kuwaeleza ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi juu ya hitilafu inayowapata watumiaji wa Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki. Jioni mtu husasisha mfumo. Asubuhi kifaa hakifanyi kazi. Husema kimeungua, akaenda kununua kingine. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure.

Chanzo ni hiki. Ndani ya Linux mna kiini, ambacho ndicho amiri wa mashine yote. Kila kifaa kina kiendeshi, yaani mkalimani baina yake na kiini. Viendeshi vingi vimo ndani ya kiini na hubadilika pamoja nacho. Lakini vingine, kama vya baadhi ya kadi za Realtek, huwekwa kutoka nje, navyo hujengwa kwa ajili ya kiini maalumu. Amiri akibadilishwa, mkalimani huyo hana budi kujengwa upya.

Basi uchunguzi na ufuate utaratibu. Kwanza, andika lsusb. Kifaa kisipoonekana katika orodha, chunguza tundu na waya, ukijaribu tundu jingine. Kikionekana, andika ip link, uone kama kimepewa jina la mtandao. Huenda jina limebadilika tu, na mipangilio yako ingali inatafuta lile la zamani. Kisha soma dmesg, ambamo kiini huandika malalamiko yake. Mwisho, washa mashine upya na katika orodha ya mwanzo uchague kiini cha zamani. Kifaa kikifanya kazi, yajulikana ya kwamba ni kizima, na kosa liko kwa kiendeshi.

Wenye modemu za kampuni za simu wajue jambo jingine. Nyingi hujitambulisha kwanza kama diski, mpaka programu ya usb_modeswitch iziamuru kugeuka modemu. Programu hiyo ikikosekana, modemu nzima hudhaniwa mbovu.

Hapa pana taabu: dawa iko katika intaneti, nayo intaneti imekatika. Njia ipo. Unganisha simu yako kwa waya wa USB na uruhusu igawe mtandao. Kwa kawaida kiendeshi chake kimo ndani ya kiini. Pakua faili za vichwa vya kiini kipya, kisha ujenge kiendeshi upya. Programu ya DKMS huifanya kazi hiyo yenyewe kila kiini kinapobadilishwa, mradi faili hizo zipo.

Twaonya juu ya mambo mawili. Wako wanaokataa kusasisha tena baada ya taabu hii. Hilo ni kosa. Mwaka 2016 liligunduliwa tundu la usalama liitwalo Dirty COW, lililokuwamo katika kiini tangu 2007, ambalo lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Asiyesasisha aliliacha wazi. Pili, kiendeshi hufanya kazi kwa mamlaka ya kiini chenyewe. Kukichukua kwa mtu usiyemjua ni sawa na kumkabidhi mgeni ufunguo wa ghala la silaha. Na mashine ya kikosi isiguswe pasipo idhini ya mkubwa wa kazi.

Kwa hiyo, ndugu, usikifute kiini cha zamani kabla ya kukijaribu kipya, wala usisasishe usiku wa kuamkia siku ya kupeleka taarifa. Tahadhari kabla ya athari.