Shimo la Mita 32,768 na Rekodi Nyingine za Ramani Zinazogoma

Muulize yeyote anayetengeneza njia za simuleta ya treni ni kazi gani iliyomkesheza. Hatakutajia kichwa cha treni wala stesheni. Atakutajia ardhi. Reli unailaza kwa kipanya, kilomita baada ya kilomita, lakini milima na mabonde hayachorwi kwa mkono: huchukuliwa kwenye data za mwinuko zilizopimwa kutoka angani, huunganishwa kwenye programu ya ramani kama QGIS, kisha huhamishiwa kwenye mchezo. Hapo kwenye kuhamisha ndipo kompyuta inapogoma, na ikigoma hugoma kwa namba za kutisha.

Ulingo wetu ni TAZARA: reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Tanzania, Zambia na China kati ya 1970 na 1975. Tunaihamisha yote kwa mkupuo, tuone bingwa wa uharibifu ni nani.

1. Mlingoti mrefu kuliko yote: mita 60

Data zenyewe zilivunja rekodi kabla hazijafika kwenye kompyuta yako. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa kimenyoosha mlingoti wa mita 60 wenye antena ya rada nchani. Panga mabasi matano ya mikoani, pua ya moja kwenye mkia wa jingine, ndio urefu wake. Hadi siku ile hakuna mlingoti mgumu wa urefu huo uliowahi kurushwa angani. Kazi hiyo iliitwa SRTM, nayo ilipima ardhi iliyo kati ya nyuzi 60 kaskazini na 56 kusini, yaani asilimia 80 ya nchi kavu yote.

Nani alipimwa vizuri zaidi? Vipimo vilipokaguliwa, asilimia 90 ya makosa ya mwinuko Amerika Kaskazini hayakuzidi mita 9.0. Eurasia mita 6.2. Afrika mita 5.6, bora kuliko mabara yote! Na data za nukta kila mita 30 zilipofunguliwa kwa ulimwengu mwaka 2014, bara lililotangulia lilikuwa letu. Kwa hiyo reli yako ikizama ardhini, usianze kwa kuilaumu rada.

2. Faili nene kuliko yote: namba 20 kwa kila Mtanzania

SRTM huja kwa vigae. Kimoja ni nyuzi moja kwa nyuzi moja, namba 3,601 kwa 3,601, jumla 12,967,201. Ukizikalisha namba hizo Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, utajaza viwanja 216. Kigae kimoja tu!

TAZARA inaanzia longitudo 39 na ushei, inaishia 28 na ushei. Kwa latitudo inashuka kutoka kusini ya 6 hadi karibu kabisa na 14. Chora mstatili unaoifunika yote: vigae 12 kwa 8, jumla 96. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.1, wakati Tanzania nzima, bara na visiwani, ni kama 945,000. Umetaka reli, umebeba nchi na nyongeza.

Ukiviunganisha unapata picha moja ya pikseli 43,201 kwa 28,801. Hizo ni namba bilioni 1.24. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mgawie kila mmoja namba 20, na zitabaki zaidi ya milioni 9.

Sasa uzito. Kila namba ni baiti mbili, kwa hiyo faili lina GB 2.49. Programu ya zamani ya biti 32 kwenye Windows kwa kawaida hupewa kumbukumbu ya baiti 2,147,483,648 na si zaidi, hata kompyuta iwe na RAM ya GB 64. Piga hesabu: vigae 82 vinaingia, cha 83 kinavunja mgongo. Kwa kweli huvunjika mapema, maana programu yenyewe nayo inataka pa kukaa. Ndiyo sababu kazi inakwenda vizuri hadi asilimia 80 hivi, halafu dirisha linafifia, linakuwa jeupe, linapotea bila hata kuaga.

Kuna walio na programu ya biti 64 wanaodhani wamepona. Wanachagua kutoa namba zenye desimali, baiti nne kila moja, na faili linafika karibu GB 4.98. Hapa ukuta ni mwingine: TIFF ya kawaida haivuki baiti 4,294,967,296, na flashi yenye mfumo wa FAT32 vilevile. Flashi inaonyesha GB 14 ziko wazi, bado inakataa faili la GB 5. Dawa ya kwanza ni BigTIFF, ya pili ni kuifomati flashi kwa exFAT. Dawa ya kweli ipo namba 7, subiri.

3. Shimo lenye kina kuliko yote: mita 32,768

Rada haikuona kila mahali. Kwenye miteremko mikali iliyojificha na juu ya maji matulivu, data za awali ziliacha mapengo, na kila pengo likapewa namba ya kusema "hapa hakuna kipimo": hasi 32,768, ndogo kuliko zote zinazoweza kuandikwa kwa biti 16. Programu inayoelewa hulijaza pengo kwa kuangalia majirani wake. Isiyoelewa huitii namba.

Matokeo yake ni shimo la kilomita 32 na zaidi pembeni ya reli. Mfereji wa Mariana, mahali penye kina kuliko pote baharini, una mita kama 10,900. Shimo lako ni karibu Mariana tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine, na liko kilimani Udzungwa! Kwenye mchezo linaonekana kama kuta nyeusi zinazoporomoka hadi macho yasipofika, na treni ikikaribia mchezo unaanza kukwama kwa kuchora kuta hizo.

Kabla ya kuhamisha chochote, itazame namba ya chini kabisa ya faili lako. QGIS inaionyesha kwenye sifa za tabaka. TAZARA inaanzia kando ya bahari, hivyo ukiona chini ya hasi mia moja ujue kuna mapengo. Yatangaze kuwa hayana data, yajaze, ndipo uendelee.

4. Mlima wa uongo mrefu kuliko yote: Dar es Salaam, mita 5,888

Hii ndiyo rekodi niipendayo kuliko zote. Faili za SRTM huandika baiti nzito kwanza, nyepesi baadaye. Kompyuta nyingi za mezani husoma kinyume. Programu ikisahau kugeuza, kila namba inasomwa kichwa chini.

Chukua kiwanja Dar kilicho mita 23 juu ya bahari. Baiti zikigeuzwa, 23 inakuwa 23 mara 256: mita 5,888. Umebakiza mita saba tu kuifikia Kilimanjaro! Na Kilimanjaro yenyewe? Namba 5,895 ikigeuzwa inakuwa 1,815. Kilele cha Afrika kinapigwa na kiwanja cha Dar kwa zaidi ya mita 4,000.

Dalili yake haifichiki: ardhi inakuwa msitu wa sindano, kila sindano na urefu wake, hakuna mteremko wa kueleweka. Ukiona hivyo usianze kulainisha kwa brashi ya mchezo. Rudi kwenye programu, tafuta mpangilio wa baiti, ubadilishe, hamisha upya.

5. Ngazi ndefu kuliko zote: hatua za mita 7

Picha ya kijivu ya biti 8 ina rangi 256, basi. TAZARA inapanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,790 katika nyanda za juu za Mbeya. Zigawe kwa nafasi 255 na kila hatua ni mita 7, nyumba ya ghorofa mbili na paa lake. Treni inayopanda Makambako inakuta ngazi za jitu.

Biti 16 zina ngazi 65,536. Hatua inashuka hadi sentimita 2.7, chini ya unene wa tofali la kawaida. Faili linaongezeka uzito mara mbili tu, ngazi zinaongezeka mara 256: hakuna biashara bora kuliko hiyo. Angalia sana programu za kuhariri picha. Unafungua PNG ya biti 16 urekebishe kitu kidogo, unahifadhi, nayo inairudisha biti 8 kimyakimya.

6. Safari iliyovuka kanda nyingi, na gurudumu linaloruka sentimita 12.5

Ramani za UTM hukata dunia kwa kanda za nyuzi sita. Dar iko kanda ya 37, Mbeya ya 36, Kapiri Mposhi ya 35. Tatu kwa reli moja! Bingwa wa dunia bila ubishi ni reli ya Siberia, Moscow hadi Vladivostok, kilomita 9,289: inaanza kanda ya 37, inafika ya 53 karibu na Khabarovsk, jumla kanda 17. Na inapita Kirov kwenye nyuzi 58.6, chini kidogo tu ya mpaka wa nyuzi 60 ambapo SRTM inakoma. Imeponea chupuchupu.

Ukihamisha kila kanda kivyake, vipande havikutani, reli inakatika mpakani. Ukiilazimisha Dar iingie kanda ya 35, kila kilomita 100 zinavimba kwa zaidi ya kilomita 2. Kwa TAZARA jibu liko katikati: tumia kanda ya 36 kwa njia nzima. Uvimbe mkubwa utakuwa Dar, nusu kilomita na ushei kwa kila 100, na hakuna dereva wa simuleta atakayeuona.

Umbali una hila nyingine. Namba za desimali za biti 32, zinazotumiwa na michezo mingi, hupoteza usahihi kadiri unavyotoka kwenye chanzo. Ukiweka sifuri Dar, Kapiri Mposhi iko zaidi ya kilomita 1,100 magharibi, na ukishavuka mita 1,048,576 namba hupanda kwa hatua za sentimita 12.5, katikati hakuna kitu. Reli za TAZARA zimeachana milimita 1,067. Gurudumu linaruka zaidi ya sehemu ya kumi ya upana huo kila linaposogea! Treni iliyosimama inatetemeka kama ina homa, na watu wanakimbilia kubadilisha kadi ya picha.

Waliolipatia dawa ni wa zamani. Microsoft Train Simulator ya 2001 iliigawa dunia kwa vigae vya mita 2,048. Kitu hutajwa kwa namba ya kigae chake na umbali kutoka katikati yake, usiozidi mita 1,024 kila upande. Hapo usahihi ni sehemu ya kumi na sita ya milimita, uwe Dar au Vladivostok. Open Rails, mrithi wake wa bure, ameushika mtindo huohuo. Kila kigae kina nukta 65,536 za mwinuko: ujaze Uwanja wa Mkapa, na 5,536 wabaki getini.

7. Faili jembamba kuliko yote: MB 16.5

Mstatili wa namba 2 ndio chanzo cha nusu ya machozi haya. Dereva hauoni ukubwa wa Tanzania. Anaona bonde alimo na milima iliyo mbele yake.

Chora ukanda wa kilomita 2 kila upande wa reli, kata data kwa ukanda huo, tupa mengine. TAZARA nzima inabaki kilomita za mraba 7,440, namba milioni 8.3, uzito MB 16.5. Kutoka GB 2.49! Ni pungufu mara 150, na ni pungufu kuliko kigae kimoja cha SRTM chenye MB 25.9. Milima ya mbali ihamishe kivyake kwa nukta za kila mita 90, namba zinapungua mara tisa na macho hayatambui.

Jambo moja ukanda hauwezi kukusaidia: rada haijui daraja. Daraja la mto Mpanga lina nguzo za mita 50, lakini kwenye data kuna bonde tu, na reli iliyolazwa kwa kufuata ardhi itatumbukia hadi mtoni na kupanda ng'ambo. Mahandaki ndiyo mabaya zaidi, maana reli inapanda juu ya mlima wenyewe. Hayo yashughulikie kwa mkono, moja moja. Na penye msitu mnene toa mita kadhaa, kwa kuwa rada ile ilisoma matawi ya miti kabla ya udongo.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, usianze na kilomita 1,860. Anza na Mlimba hadi Makambako, kilomita zipatazo 160, kipande chenye madaraja na mahandaki mazito kuliko vyote vya reli ile. Kwa ukanda wa kilomita 4, data zake zote za mwinuko ni MB 1.42. Zinaenea kwenye diski ya flopi.