Mtoko wa Baharini: Mpe Mwenzio Mshipi Mzuri!

Sinema mmeshakwenda, baa mmeichoka, na nyumbani maongezi ni ada na kodi ya nyumba tu. Mwezi huu jaribuni kuvua kwa mshipi. Lakini hakikisha mshipi unaompa mwenzi wako haumkati vidole.

Kuna mabwana wanaojisifu kwamba bahari wanaijua. Siku wakiamua kumchukua mama watoto, wao wanabeba mshipi mpya, yeye anapewa ule wa zamani, mwembamba kama uzi wa kushonea. Samaki wa kwanza akivuta, vidole vinachanika, na tangu siku hiyo mama akisikia neno bahari ananuna. Kisha utamsikia bwana kijiweni: “Wanawake hawawezi mambo ya bahari.” Bwana wee, aliyeshindwa si mwanamke, ni mshipi!

Na mshipi wenyewe hauna makuu. Hautaki fimbo wala mashine. Ni nailoni, ndoana, chubwi na mkono, na huku mnavua mnapiga soga.

Unene kwanza
Kwa samaki wa mwambani kama changu na kelea, nunua nailoni ya unene wa milimita 0.8 hadi 1. Samaki wenyewe nyembamba zaidi ingewatosha, lakini unene huu ni kwa ajili ya mkono. Mshipi mnene unashikika vizuri na haujifungi mafundo ovyo. Kama kina ni mita 20, usibebe mita 20. Mkondo unaupinda mshipi, na samaki mkubwa lazima umwachie akimbie kidogo. Kila mtu awe na mita 60 hadi 100, zimezungushiwa kwenye kipande cha ubao. Mwisho wa mshipi ufungwe kwenye ubao huo, siyo kwenye kidole.

Ijumaa usiku, sebuleni
Fungeni mishipi nyumbani. Kwenye boti inayoyumba, mgeni hawezi kufunga fundo wala kuzuia kichefuchefu. Mwisho wa mshipi tia kile kipete cha chuma kinachozunguka, kinachozuia mshipi usijisokote. Chini yake unga mita moja na nusu ya nailoni ya milimita 0.6. Hapo toa matawi mawili ya sentimita 20, yaachane nusu mita ili yasishikane. Kila tawi ndoana moja.

Chini kabisa inakaa chubwi. Gramu 100 hadi 200 zinatosha sehemu nyingi: chagua iliyo nyepesi lakini inafika chini na kutulia. Ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mwingine wote. Ikinasa kwenye mwamba, itakatika yenyewe na mengine yatabaki salama. Kila fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza, maana nailoni kavu ikisuguana hupata joto na kupungua nguvu. Na kwa kuwa risasi ni sumu, naweni mikono kabla ya kugusa chakula.

Namba za ndoana zisikuchanganye. Zenye namba tupu, namba ikipanda ndoana inapungua: namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Zenye mkwaju na sifuri ni kinyume: 3/0 ni kubwa kuliko 1/0. Kwa changu anzeni na 1/0. Mgeni mpe ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani. Hunasa pembeni mwa mdomo, hivyo samaki mdogo ni rahisi kumrudisha majini. Asishtue mkono, avute taratibu tu. Chambo kizuri ni ngisi, nyama yake ngumu haitoki haraka.

Mkishapanda boti
Sheria ya kwanza: usizungushe mshipi mkononi. Kamwe! Samaki mwenye nguvu akikimbia, mshipi unakaza na kukata nyama. Kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, mvishe mwenzio kwenye vidole vya shahada, kama wanavyofanya wavuvi wenyewe. (Ndiyo, hata hiyo ni pete.) Mshipi unaouvuta uangukie kwenye beseni, usisambae miguuni. Mmoja akae mbele, mwingine nyuma, maana mishipi ikisokotana, hapo ndipo ndoa inapimwa. Chubwi ikigusa chini, inyanyue kidogo, kisha tulia. Kisu kiwe karibu, na kila mtu avae jaketi la kuokolea.

Wapi na lini
Kwa walio Dar es Salaam, jamani, Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975. Pikiniki ruksa, kuvua hapana. Nendeni na nahodha anayejua mipaka, na mambo ya leseni yaulizeni mapema ofisi ya uvuvi. Safari ya kwanza ya mgeni isiwe wakati wa kusi kali ya Juni hadi Agosti. Msubirini matlai, Oktoba na Novemba, bahari inapotulia, tena chagueni siku za maji mafu, mkondo usiwasumbue. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe kabla ya kutoka, na wakisema upepo mkali, ahirisheni bila kubishana.

Mkirudi, suuzeni mishipi kwa maji yasiyo na chumvi na muianike kivulini, kwani jua huichosha nailoni. Na kama changu wake ni mkubwa kuliko wako, kaka, usiseme ni bahati tu. Mpongeze, halafu chukua kisu, kuparua magamba ni zamu yako.