Siku Arobaini za Mzazi

Katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, Pemba na Kilwa, mwanamke aliyejifungua hahesabiwi kuwa mgonjwa, wala hahesabiwi kuwa mzima. Yeye ni mzazi, na kwa muda wa siku arobaini jina hilo humpa haki ambazo hakuwa nazo jana na ambazo hatakuwa nazo siku ya arobaini na moja. Hatwangi, hafui, hapiki, hainui ndoo. Hulishwa, hukandwa, hufungwa tumbo na kufukizwa udi, na mama yake, au mkwewe, au shangazi mwenye mikono mizuri, hulala naye chumba kimoja apate kumpokea mtoto usiku. Desturi hii ni kongwe, na kama zilivyo desturi kongwe imebeba hekima na hatari kwa pamoja, zikiwa zimechanganyika hata ni shida kwa jicho la haraka kuzibagua. Tabibu kijana hutazama maji ya moto na moshi akaona ujinga. Bibi hutazama vidonge vya madini ya chuma akaona ubaridi wa hospitali. Naona wote wawili wanabishana juu ya vilivyomo katika sufuria, ilhali jambo kubwa liko kwa yule aliyeketi mekoni.

Lakini kwanza tulitazame jeraha lenyewe, maana halionekani, na kwa kuwa halionekani husahauliwa. Mtoto akisha kutoka, kondo la nyuma hubanduka katika ukuta wa mji wa mimba na kuacha mahali palipo wazi, penye upana wa kiganja, ambapo mishipa iliyokuwa ikimlisha mtoto imekatika na kubaki midomo wazi. Mwishoni mwa mimba damu ipitayo hapo hufikia nusu lita au zaidi kwa kila dakika. Lau mishipa hiyo ingeachwa vivyo hivyo, mwanamke angemaliza damu yake yote kabla birika la chai halijachemka. Kinachomwokoa ni nyama za mji wenyewe, ambazo nyuzi zake zimepishana huku na huku, na zinapojikunja huibana mishipa ipitayo kati yake hata ikafunga. Kujikunja huko huamriwa na homoni iitwayo oksitosini, na homoni hiyo hutolewa kwa wingi kila mtoto anyonyapo. Ndiyo sababu mzazi, hasa aliyekwisha kuzaa mara kadhaa, husikia chango likimkata tumboni pale pale anapomweka mtoto kifuani. Maumivu hayo ni kazi inayoendelea. Mji ambao saa ya kujifungua una uzito wa karibu kilo 1 huwa nusu kilo baada ya juma moja. Baada ya majuma mawili umekwisha kuzama ndani ya nyonga, hauguswi tena juu ya tumbo. Na ifikapo juma la sita umerudi katika gramu 100 au pungufu.

Na lile jeraha, je? Hapa pana jambo la ajabu ambalo tabibu wa Marekani, J. Whitridge Williams, alilieleza mwaka 1931. Mahali pa kondo hapaponi kama yaponavyo majeraha mengine, kwa kuota kovu. Utando mpya huingia kutoka pembeni na kuota pia kutoka mizizi iliyosalia chini, ukaling'oa tabaka la juu lililokufa na kulisukuma nje kidogo kidogo, nalo hutoka pamoja na damu ya nifasi, ambayo kwanza huwa nyekundu, kisha ya hudhurungi, kisha nyeupe kama usaha mwepesi. Lau pangeota kovu kila mara, mji ungekuwa umejaa makovu baada ya mimba chache, na mwanamke asingeweza kuzaa tena. Kazi hii huchukua majuma kama 6 kukamilika, na majuma 6 ni siku 42. Shirika la Afya Duniani nalo huhesabu kifo cha uzazi kuwa ni kile kitokeacho wakati wa mimba au ndani ya siku 42 baada yake. Basi bibi zetu na matabibu wa leo wametofautiana kwa siku 2 tu.

Wako wadhanio kwamba arobaini hii ni amri ya dini. Sivyo kabisa. Madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa mwambao, huhesabu mwisho wa nifasi kuwa siku 60, na siku 40 kuwa ndiyo kadiri ya aghalabu, na mwanamke ambaye damu yake imekatika siku ya kumi huoga na kusali siku hiyo hiyo. Kumpumzisha mpaka arobaini itimie ni desturi ya watu, na nyumba zisizo za Kiislamu pia huifuata, kila moja kwa namna yake.

Sasa tumtazame mkandaji kazini. Huja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Maji yamechemshwa na majani ya mwarobaini au mchaichai, yakamiminwa katika beseni na kuachwa yapungue moto. Huchovya taulo nene, hulikamua, hulijaribu juu ya mkono wake upande wa ndani, kisha huliweka kiunoni mwa mzazi aliyeketi juu ya kigoda akimpa mgongo. Kutoka hapo hupanda mabegani, palipokakamaa kwa kumpakata mtoto, hushuka tena mgongoni na nyongani, halafu hupaka mafuta ya uto au ya nazi na kuzikamua nyama kwa vidole gumba, taratibu, bila ya haraka, huku akiuliza maswali: umelala? damu ikoje? ziwa hili limejaa, mbona mtoto hanyonyeshwi upande huu? Sayansi haina ugomvi na kazi hii. Joto hupanua mishipa ya damu na kulegeza misuli. Mguso hutuliza moyo. Na moyo ukitulia maziwa hushuka, kwa kuwa maumivu na wasiwasi huizuia ile oksitosini isitoke.

Ugomvi huanza mkono unapofika tumboni. Wako wakandaji ambao hulikandamiza tumbo kwa nguvu na kwa maji yanayokaribia kuchemka, wakisema kwamba damu chafu lazima itoke yote, na wako wazazi waliotoka humo na malengelenge ya moto. Aliyepasuliwa hapasi kuguswa hapo hata kidogo mpaka kidonda chake kipone. Tena dhana hiyo ya damu chafu ina ubaya mwingine ulio mkubwa zaidi, kwamba damu inapotoka kwa wingi kupita kiasi watu wa nyumbani hufurahi, wakaiacha itoke, na mwanamke akafa akisifiwa kuwa anasafika. Kutokwa damu baada ya kuzaa ndiyo sababu kubwa ya vifo vya wazazi duniani, na hata wakunga wenye vyeti hukosea wakiikisia kwa macho. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukatangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuipima damu kwa shuka maalumu lenye mistari ya vipimo, na kutoa matibabu yote kwa pamoja mara inapozidi, kulipunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Nyumbani hakuna shuka hilo, lakini kitambaa kinacholowa chepechepe ndani ya saa moja ni kipimo tosha cha kuita gari. Kadhalika homa, nifasi yenye harufu mbaya, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona kiwi, kifua kubana, na mguu mmoja uliovimba na kuuma. Huo mguu usikandwe abadani, maana huenda damu imeganda ndani yake, na mkono waweza kuling'oa donge likapanda mapafuni.

Mkandaji na aoshe mikono yake kwa sabuni kabla ya kumgusa mzazi. Mwaka 1847, mjini Vienna, tabibu Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi wa wodi ya wanafunzi wa udaktari walikufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko wale wa wodi ya wakunga, kwa kuwa wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuzalisha. Alipowaamuru waoshe mikono kwa maji ya klorini, vifo vilishuka kwa ghafula. Wenzake wengi walimkasirikia. Sijui kwa nini jambo hili hufundishwa kama kisa cha Ulaya, na haliambiwi kila mwenye beseni.

Juu ya joto na baridi yako mengi ya kusema. Hofu ya mwambao ni kwamba mwili wa mzazi umefunguka, na baridi ikiuingia haitoki. Ndiyo sababu hawekwi penye upepo, wala hanywi maji ya mtungi. Fikira hii ni ya ukoo mrefu: ni tiba ya Kiyunani, iliyopangwa na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ambayo huusoma mwili kwa mizani ya hari na baridi, ukavu na umajimaji, na ambayo ilifika kwetu pamoja na wanavyuoni na wafanya biashara wa Bahari ya Hindi. Leo hatuna haja ya kuishika kwa herufi. Penye msamba uliochanika au kushonwa, kitambaa cha baridi katika siku za mwanzo hupunguza uvimbe na maumivu, na Shirika la Afya Duniani liliruhusu jambo hilo katika miongozo yake ya mwaka 2022. Lakini joto jingi, kupita kiasi, si dhihaka. Huko Zaria, kaskazini ya Nigeria, mzazi wa Kihausa huogeshwa maji ya moto sana, hulala juu ya kitanda cha udongo kinachochomewa moto chini yake, na hunywa uji uliotiwa magadi ya ziwani yaitwayo kanwa. Katika miaka ya 1970 madaktari wa hapo waliona wanawake wengi wa aina hiyo wakivimba na kushindwa moyo, wakaitilia shaka chumvi pamoja na moto. Watafiti waliokuja baadaye hawakuafikiana juu ya kanwa, lakini hakuna hata mmoja aliyelisifu lile jiko chini ya kitanda.

Moshi wa udi na ubani ni mzuri kwa nguo na kwa nafsi. Chetezo kisiwekwe katika chumba alimolala mtoto mchanga, ambaye mapafu yake yamevuta pumzi kwa siku chache tu, wala mzazi asikikalie kwa kuufukiza uke. Jeraha tulilolieleza hapo juu halihitaji moto.

Mkaja, yaani ile nguo ya kufungia tumbo, una heshima yake, hata katika mahari mama wa bibi arusi hupewa fungu lenye jina hilo. Ukifungwa wastani hushika mgongo na humpa mzazi nguvu ya kusimama, na kwa waliopasuliwa huonekana kupunguza maumivu. Hauli mafuta, wala hauurudishi mji mahali pake. Mji hurudi wenyewe. Ukikazwa hata pumzi ikawa ya shida, uzito wote husukumwa chini, juu ya misuli ya sakafu ya nyonga ambayo imetoka kutanuliwa na kichwa cha mtoto. Misuli hiyo ndiyo ihitajiyo kazi: kuikaza kama mtu azuiaye mkojo, kuihesabia pumzi chache, kisha kuilegeza, mara kwa mara kila siku, kama alivyofundisha Arnold Kegel mwaka 1948. Mwanamke aweza kuifanya akinyonyesha, na mtu asijue.

Chakula cha arobaini kina akili nyingi. Supu ya jogoo, maini, samaki, mchicha uliokamuliwa ndimu: hapo pana madini ya chuma ya kulipa damu iliyopotea, na ukali wa ndimu huyasaidia kufyonzwa. Chai ya rangi huyazuia, kwa hiyo inywewe mbali na mlo. Uji wa pilipili manga una fadhila kubwa moja, nayo ni maji. Anyonyeshaye huona kiu. Uwatu husifiwa kwa kuongeza maziwa, na majaribio machache yanaunga mkono, machache mengine hayaungi. Hushusha sukari, kwa hiyo mwenye dawa za kisukari aulize kwanza. Kinachoongeza maziwa pasi na shaka ni ziwa kunyonywa na kumalizwa, usiku na mchana.

Kupumzika nako si kulala kutwa. Damu ya mzazi huganda upesi kuliko ya mtu mwingine, na hatari hiyo hukaa naye majuma 6. Ulaya na Marekani wazazi walilazwa kitandani siku nyingi, mpaka miaka ya 1940 matabibu walipoanza kuwaamsha mapema. Mzazi wa mwambao atembeaye ukumbini na kuketi katika baraza ya ndani yuko katika haki yake.

Kuna na moyo. Kulia bila sababu siku ya tatu au ya nne ni jambo la kawaida, nalo hupita kabla ya majuma mawili; huzuni isiyopita, na kutomtaka mtoto, ni maradhi yenye dawa, na tangu mwaka 1987 hupimwa kwa maswali 10 yaliyotungwa Edinburgh. Mtu wa kwanza kuiona aghalabu ni yule alalaye chumbani. Naye ndiye anayetoweka. Dukani leo utapata dawa ya mzazi katika pakiti, imesagwa na kufungwa vizuri, shangazi hayumo. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara humpa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja, na ile ya Kenya humpa miezi 3, ila muuza mboga sokoni hana mwajiri wa kumwomba. Baba wa Tanzania Bara hupewa siku 3. Humo hupata nafasi ya kununua jogoo, kwenda kuandikisha mtoto na kurudi kazini. Atakayechota maji siku ya nne sheria haikumtaja.