Mbwa Katika Joto la Kiangazi

Tarehe 19 Julai 2022 joto la Uingereza lilifika nyuzi 40.3 za Selsiasi huko Coningsby. Wamo miongoni mwetu wafugao mbwa wa ulinzi, na wamo ambao watoto wao huachiwa mbwa wa jirani aendapo likizo. Tangu chuoni tumesomeshwa habari za aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa.

Mbwa hatoki jasho ila kidogo nyayoni. Hujipoza kwa kuhema, na kila pumzi humpunguzia maji. Basi tuchemshe kuku bila chumvi wala vitunguu, ambavyo humharibia damu. Mchuzi tuuchuje, tuuzimue kwa maji, tuugandishe vipande vidogo katika friza. Tikiti lisilo mbegu wala ganda nalo hufaa. Zabibu asipewe kabisa, mbichi wala kavu, kwani huweza kumwua figo. Bakuli la maji lisikauke. Nalo liwe lake pekee, mbali na vyombo vya jikoni, maana sisi Mashafii twaijua kazi ya kuosha mara saba.

Akihema mno na kuyumba, vipande hivyo havimfai tena. Tummwagie maji ya baridi papo hapo, ndipo tumkimbize kwa daktari wa wanyama.