Magari ya Kale ya Safari: Kasi ya Porsche, Vipuri vya Datsun

Tangu Safari ya magari ya kale, mbio zinazoenzi Safari Rally ya awali, ianzishwe mwaka 2003, gereji kadhaa za Nairobi na Mombasa zimepata riziki kwa magari ya miaka ya 1970. Anayetaka kuingiza pesa zake humo hukutana na swali lilelile: Datsun 240Z au Porsche 911?

Kwa rekodi za enzi hizo, Datsun ndiyo mshindi. Ilitwaa Safari ya awali 1971 na 1973, wakati 911 iliambulia nafasi ya pili 1972, 1974 na 1978. Leo upepo umegeuka. Injini ya 911 imekaa nyuma, uzito wake unayakandamiza magurudumu yanayosukuma gari, nayo hutoka kwenye tope linalowanasa wengine. Tena haina rejeta ya maji ya kutobolewa na jiwe.

Ila kazi kubwa ya injini hiyo huanza kwa kuishusha, na hapo bili hupanda. Fundi mmoja wa Nairobi, aliyeomba asitajwe, hushughulikia magari yote mawili na hana hamu ya mjadala wa kasi. Injini ya 240Z, anasema, ni ile ya Datsun 1600 iliyoongezwa silinda mbili, kipenyo kilekile cha milimita 83; aliyejifunzia ufundi kwenye 1600 hapotei. Kinachomuudhi ni kontena. Timu za Porsche, anadai, hushusha vipuri na mafundi wao kwa vibali vya muda, kisha huondoka na kila kitu. Yeye huitwa usiku wa manane kuchomelea bodi iliyopasuka. Akiagiza kabureta zake mwenyewe, hulipa ushuru kamili na kusubiri.

Afisa mmoja wa serikali anayefuatilia utalii anasisitiza kwamba mbio hizi huleta fedha nyingi za kigeni. Nyingi kiasi gani? Alitaja vyumba vya hoteli na mafuta. Kuhusu gereji hakuwa na tarakimu yoyote, jambo la ajabu kidogo kwa sekta inayosifiwa kwenye kila hotuba.

Datsun nayo si rahisi kama mashabiki wanavyodai. Bodi yake huliwa na kutu, hasa ikilazwa Pwani, ilhali 911 za kuanzia 1976 zilipakwa zinki kiwandani. Wanunuzi wengi hupiga hesabu ya injini na kusahau sakafu.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo 240Z ikishauzwa ng'ambo, kuirudisha kwa njia ya kawaida ni vigumu. Wenye nazo wanatarajia bei kupanda. Huenda ikawa hivyo, mradi wageni waendelee kuja kukodi magari haya kwa mbio. Wakipungua, fundi wetu anasema atarudi kwenye matatu, ambako malipo ni ya kila siku.