Sayansi ya kompyuta na falsafa (masomo ya pamoja)

Sayansi ya kompyuta na falsafa ni masomo mawili ambayo katika baadhi ya vyuo vikuu duniani husomwa pamoja kwa shahada moja. Mwanafunzi hujifunza kuandika programu na kuelewa jinsi kompyuta inavyofanya kazi. Wakati huohuo hujifunza mantiki, maadili na maswali kuhusu akili na ujuzi. Mfano mmoja ni Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza, kilichoanza kupokea wanafunzi wa shahada hiyo mwaka 2012.

Watu wengi huyaona masomo haya kuwa mbalimbali sana, lakini kihistoria yana mzizi mmoja, yaani mantiki.

Chimbuko la pamoja

Mantiki ni elimu ya kupima kama hitimisho linatokana kweli na hoja zilizotangulia. Aristotle wa Ugiriki ya Kale aliipanga kuwa somo. Mwaka 1854 Mwingereza George Boole alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba hoja zinaweza kukokotolewa kama aljebra, kwa kutumia 0 na 1.

Mmarekani Claude Shannon alikutana na kazi ya Boole katika somo la falsafa alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1937, katika tasnifu yake ya uzamili, alionyesha kwamba aljebra hiyo inafaa kupanga swichi za umeme. Saketi za kompyuta za kidijitali hufuata kanuni hiyo hadi leo. Naye Alan Turing alichapisha makala yake ya mwaka 1950, inayouliza kama mashine inaweza kufikiri, katika jarida la falsafa liitwalo Mind.

Mfano wa hoja

Tazama hoja hii: mvua ikinyesha, uwanja hulowa, uwanja umelowa, basi mvua imenyesha. Hitimisho hilo si halali, maana huenda bomba limepasuka. Programu hujengwa kwa masharti ya namna hiyo: ikiwa jambo fulani ni kweli, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Mwandishi wa programu akikosea mantiki, kompyuta hulirudia kosa hilo kwa watu wote bila kusita.

Hali nchini Tanzania

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu. Hivyo swali la kama mashine hizi zinawafaa wananchi liliulizwa mapema.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam masomo haya yako katika ndaki mbili. Falsafa hufundishwa katika idara ya falsafa na taaluma za dini, Mlimani; kompyuta hufundishwa katika ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano, Kijitonyama.

Utengano huanza mapema zaidi, katika tahasusi za kidato cha 5. Aliyechukua PCM (fizikia, kemia, hisabati) huelekea sayansi. Aliyechukua HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) huacha hisabati ya juu. Kwa miaka mingi somo la maarifa ya jumla, maarufu kwa kifupi GS, liliwakutanisha wote, nalo lilikuwa na mada ya falsafa. Mkoani Ruvuma wapo wanaojiandaa kwa upadri katika seminari kuu ya Peramiho, karibu na Songea. Sheria ya Kanisa Katoliki inawataka wasome falsafa kwa miaka 2 kamili, pamoja na teolojia kwa miaka 4.

Umuhimu

Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku husajiliwa na kupewa namba, na ununuzi hupitia mfumo wa kidijitali. Tuseme mfumo wa namna hiyo unamkataa mkulima mwenye haki. Mtaalamu wa kompyuta ataeleza kosa liko wapi. Lakini nani anawajibika? Je, mkulima ana haki ya kuelezwa sababu? Msimu wa kupanda ukipita, je, inatosha kusema "mfumo umekataa"? Hayo ni maswali ya maadili, na aliyeunda mfumo anapaswa kuyafikiria kabla haujaanza kutumika.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria huweka mipaka, ila haiwezi kutabiri kila hali. Kuenea kwa akili bandia, inayoitwa pia akili mnemba au akili unde, kumeongeza uzito wa jambo hili.

Njia za kuyasoma

Pasipo na shahada ya pamoja, mwanafunzi anaweza kuchukua somo moja kuwa kuu na kuomba kozi za hiari za lingine, kanuni za chuo zikiruhusu. Kozi za mantiki na maadili zinamfaa msomaji wa kompyuta. Kozi ya msingi ya kuandika programu inamfaa msomaji wa falsafa. Anayekusudia kusoma yote mawili asiache hisabati, kwa sababu mantiki ya kisasa huandikwa kwa alama zake.